Uyoga na Kipimo cha Maji: Wajibu wa Mwanachama na Wajibu wa Chama

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vinavyolima uyoga)



Kilimo cha uyoga hakidai shamba kubwa. Chumba kimoja chenye kivuli, mabua ya mpunga au majani makavu ya migomba, mbegu safi, kuni za kuchemshia na maji ya kisima, vyatosha kumwanzisha mwanachama. Kwa sababu hiyo kilimo hiki kinawafaa sana wale ambao mgawanyo wa ardhi umewaachia kipande kidogo, na kinawafaa vijana ambao bado wanangoja kugawiwa. Mavuno yake hayangoji mwaka. Uyoga wa mamama, ambao ndio wepesi zaidi kulimwa vijijini, huchumwa mara ya kwanza wiki chache tu baada ya mbegu kupandwa.

Hata hivyo, katika vyama vinavyotoa mbegu kwa mkopo, kuna shauri moja ambalo hurudi mkutanoni tena na tena. Mwanachama amechukua mbegu, mifuko yake imeoza, na sasa anakataa kulipa deni kwa hoja kwamba alipewa mbegu mbovu. Katibu anajibu kwamba jirani yake alichukua mbegu hiyo hiyo siku hiyo hiyo na amevuna vizuri. Kamati inasikiliza pande zote mbili, wala haina la kushika, kwa kuwa hakuna aliyeandika popote ni maji kiasi gani yaliingia katika mifuko ile. Shauri linaahirishwa, deni linabaki vitabuni, na watu wawili waliokuwa wakisaidiana wanaacha kusalimiana.

Mazungumzo haya yanahusu maji hayo yasiyoandikwa.

UYOGA HUNYWA WAPI

Yafaa kwanza ieleweke kwamba uyoga si mmea kama mahindi au maharage. Hauna majani ya kijani ya kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, wala hauna mizizi. Mwili wake wa kweli ni ule utando mweupe unaotambaa ndani ya mabua. Kile kinachochumwa na kuuzwa ni tunda la utando huo. Utando hutoa majimaji yanayoyeyusha mabua, kisha hufyonza chakula kilichoyeyuka. Pasipo maji hakuna kuyeyusha wala kufyonza.

Uyoga mbichi wenyewe, kwa sehemu kubwa, ni maji. Katika kilo 1 ya uyoga wa mamama, gramu 900 hivi ni maji, na gramu 100 tu ndizo uyoga mkavu. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka ndani ya mfuko, si katika kopo la kunyunyizia. Ndiyo maana mfuko uliotiwa maji haba tangu mwanzo hauwezi kuokolewa kwa kunyunyiziwa juu baadaye.

Uchukuliwe mfano wa mfuko wenye kilo 1 ya mabua makavu kabisa. Ukilowekwa hata maji yakawa asilimia 65 ya uzito wote, ndani yake mna maji yapatayo kilo 1.86. Ukitoa gramu 800 za uyoga, gramu 720 za maji zitakuwa zimeondoka na mavuno, na bado kutakuwa na akiba ya kufidia maji yanayopotea hewani kwa wiki zote hizo. Sasa mfuko huo huo utiwe maji asilimia 50 tu. Ndani yake mtakuwa na kilo 1 ya maji. Gramu 720 zikiondoka, zitabaki 280, na hewa bado haijachukua chake. Mfuko huo hautafika kwenye gramu 800. Utatoa mchumo mmoja mwepesi, kisha utanyamaza.

MAJI YANAPOZIDI

Mtu akisikia hayo aweza kudhani kwamba dawa ni kuongeza maji. Hapo ndipo hasara kubwa zaidi inapotokea. Utando wa uyoga unavuta hewa kama kiumbe chochote kinachopumua. Kati ya kipande na kipande cha bua pana nafasi ndogo ambazo hewa hupitia. Maji yakizidi, nafasi hizo hujaa, hewa hukosa njia, na utando hudumaa. Bakteria wasiohitaji hewa, wao hufurahi. Huanza kuchachusha mabua, harufu ya uchachu au ya uozo hutoka, na sehemu ya chini ya mfuko, ambako maji yametuama, hugeuka rangi.

Baada ya bakteria hufuata wageni wengine. Ukungu wa kijani huteka sehemu ambazo utando mweupe umeshindwa kuzifikia. Visimbi vyembamba vya uyoga wa mwituni, ambavyo huyeyuka na kuwa wino mweusi kwa muda wa siku moja, huchomoza ubavuni mwa mfuko. Inzi wadogo weusi huvutwa na unyevu huo, hutaga mayai, na funza wao hula utando.

Hivyo mkulima wa uyoga yuko kati ya kuta mbili. Chini ya asilimia 60, utando hutambaa polepole na mavuno hupungua. Juu ya asilimia 70, hewa huanza kukosekana. Kwa mabua ya mpunga na masalia mengi yanayofanana nayo, mahali pa kulenga ni katikati, yaani asilimia 65 hivi.

Mchwa wa vichuguu wanaijua kazi hii. Wanalima aina yao ya uyoga ndani ya kichuguu, katika vyumba ambavyo huvilinda visikauke wala visifurike, huku matundu ya kichuguu yakiendelea kupitisha hewa. Mvua zinapoanza, uyoga wao hutokeza juu ya ardhi, na watoto huokota. Unyevu pamoja na hewa, siyo kimoja kwa kukifukuza kingine, ndilo somo la kichuguu.

KIGANJA NA MIZANI

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Mabua yakiisha kulowekwa na kuchuruzika, mkulima achukue konzi moja kutoka katikati ya lundo, si juu wala chini, na kuikamua kwa nguvu. Likitoka tone moja au mawili kati ya vidole, maji yanatosha. Yakitoka mchirizi, lundo liachwe liendelee kuchuruzika. Pasipotoka tone lolote na kiganja kikabaki kikavu, maji yaongezwe.

Kipimo cha kiganja ni kizuri, lakini kina udhaifu wake. Viganja havilingani nguvu. Aliyezoea jembe hukamua tone mahali ambapo mwenzake asingeliona. Kwa kilimo cha mtu mmoja hilo si tatizo kubwa, maana kiganja ni kile kile kila mara. Kwa chama chenye wanachama wengi wanaotengeneza mifuko kwa pamoja, hapana budi pawe na kipimo cha pili, nacho ni mizani.

Mabua yaliyokauka vizuri ghalani bado yana maji kiasi cha asilimia 10. Kwa hiyo katika kilo 10 za mabua hayo, mabua yenyewe ni kilo 9. Kilo 9 hizo hazibadiliki kwa kulowekwa. Kinachobadilika ni maji tu. Kwa hesabu hiyo, kila kilo 10 za mabua makavu zikiisha kulowekwa na kuchuruzika zitapimwa hivi:

Zikifika kilo 22.5, maji ni asilimia 60.
Zikifika kilo 25.7, maji ni asilimia 65.
Zikifika kilo 30, maji ni asilimia 70.
Zikifika kilo 36, maji ni asilimia 75, na mabua hayo yasipandwe kabla ya kuchuruzika zaidi.

Orodha hiyo fupi yafaa iandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani mahali pa kulowekea. Katibu asiyejua lolote kuhusu maisha ya uyoga aweza kuitumia, kwa kuwa kupima mzigo ni kazi aliyoizoea.

Iko njia ya tatu, ya kuhakikisha. Gramu 100 za mabua yaliyolowekwa huanikwa juani, kisha humaliziwa juu ya moto mdogo pasipo kuungua, hadi uzito usipungue tena. Zikibaki gramu 35, basi maji yalikuwa asilimia 65. Njia hii ni ya polepole, lakini kamati ikiifanya mara moja kila msimu itajua kama kiganja cha fundi wake bado kinasema kweli.

NDOO NANE ZA KIANGAZI NA NDOO NANE ZA MASIKA

Wapo wakulima wasioloweka bali hunyunyizia maji kwa kipimo cha ndoo, wakigeuza lundo kwa uma hata maji yaenee. Njia hii huokoa maji, na mahali penye shida ya maji ni ya maana. Lakini ina mtego mmoja ambao umewaponza wengi bila wao kujua.

Uchukuliwe mzigo wa kilo 100 za mabua ya kiangazi, yenye maji asilimia 10. Mabua yenyewe ni kilo 90. Zikimwagwa ndoo 8 za lita 20, yaani lita 160, uzito wote utakuwa kilo 260, na maji yatakuwa kama asilimia 65. Ni sawasawa kabisa. Mkulima anavuna, anafurahi, na anakariri: mzigo mmoja, ndoo nane.

Masika yanafika. Mabua yale yale yamelala chini ya paa linalovuja, nayo yamevuta unyevu hata maji yake yamefika asilimia 30. Kwa macho bado yanaonekana makavu kiasi. Mkulima anapima kilo 100 na kumwaga ndoo zake nane kama alivyozoea. Safari hii mabua yenyewe ni kilo 70 tu. Uzito wote ni kilo 260 kama zamani, lakini maji sasa ni asilimia 73. Mifuko inaoza. Mkulima anaapa kwamba hakubadili chochote, na kweli hakubadili. Kilichobadilika ni mabua. Mzigo ule ulihitaji lita 100, yaani ndoo 5.

Katika mfano huo mna funzo la pili kwa chama kinachonunua mabua kwa kilo. Anayenunua kilo 100 zenye maji asilimia 30 amelipia kilo 20 za maji badala ya kilo 20 za mabua. Mabua yanunuliwe makavu, yahifadhiwe juu ya chanja chini ya paa zima, na yasipokelewe yakiwa yamenyeshewa. Mabua yaliyokwisha kupata ukungu ghalani yakataliwe kabisa, kwani huko ni kununua ugonjwa.

KILA MALIGHAFI NA TABIA YAKE

Mabua ya mpunga na ya ngano hunywa haraka na huchuruzika haraka. Yakikatwa vipande vya sentimita 3 hadi 5 na kulowekwa usiku kucha, kisha kuwekwa juu ya chanja iliyoinama kidogo, hufika mahali pake bila taabu kubwa.

Majani makavu ya migomba, ambayo ni mengi katika Kagera, Kilimanjaro na Rungwe, hushika maji kama sifongo na hulaliana yakilowa. Huhitaji muda mrefu zaidi wa kuchuruzika, na yafaa yakatwe vipande vidogo na kugeuzwa mara kwa mara ili maji yasijifiche katikati.

Magunzi ya mahindi ni magumu kunywa. Gunzi zima laweza kulowa nje na kubaki kavu ndani. Sharti lipondwe kwanza, na lilowekwe kwa muda mrefu kuliko mabua. Maganda ya mbegu za pamba nayo hukataa maji mwanzoni kwa sababu ya mafuta na nyuzi zake. Yapaswa kukanyagwa au kukorogwa ndani ya maji hadi yakubali.

Unga wa mbao una hatari iliyo kinyume. Chembe zake ni ndogo, nafasi za hewa ni finyu, na ukitiwa maji mengi hushikamana kama udongo wa tofali. Anayeutumia auchanganye na kitu chenye vipande vikubwa zaidi, na maji yake yawe upande wa uchache.

Mabaki ya mkonge nayo yamepata kuthibitishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameotesha juu yake aina kadhaa za uyoga unaoliwa, ukiwamo ule unaoota wenyewe kwenye malundo ya mashamba ya mkonge. Kwa kuwa mabaki hayo hutoka mashineni yakiwa yamelowa chepechepe, hapo kazi ya kwanza ya mkulima si kutia maji bali ni kuyapunguza.

PIPA, MFUKO NA CHUMBA

Kipimo kilichofanywa vizuri chaweza kuharibiwa ndani ya pipa. Mifuko ikipangwa pipani ili ipikwe kwa mvuke, pawekwe chini vijiti imara au wavu wa chuma, na maji ya kuchemka yasifikie mfuko wa chini. Mfuko unaokaa ndani ya maji hautokwi na vijidudu kwa mvuke tu. Hunywa maji upya, na kila kilichopimwa kinakuwa bure. Midomo ya mifuko ifungwe au ifunikwe ili matone yanayodondoka kutoka kwenye mfuniko yasiingie.

Mbegu ipandwe mifuko ikiisha kupoa. Chupa au mfuko wa mbegu wenye maji yaliyotuama chini, au unaotoa harufu ya uchachu, urudishwe kwa msambazaji siku ile ile ya kupokelewa, na urudishaji huo uandikwe. Akingoja hadi mifuko ioze, katibu hatakuwa na ushahidi.

Katika wiki za utando kutambaa, mfuko usinyunyiziwe. Maji yake yamo ndani yake. Jasho likionekana kwenye nailoni si jambo la kushtua. Lakini maji yakituama chini kwa kimo cha kidole, yatobolewe matundu madogo mawili au matatu kwa sindano iliyopitishwa motoni, ili yatoke.

Utando ukiisha kujaa na mfuko kupasuliwa ili uyoga utoke, sheria hubadilika. Sasa hewa ya chumba ndiyo inayohitaji unyevu, kiasi cha asilimia 80 hadi 90. Sakafu ya mchanga au ya matofali ilowanishwe asubuhi na jioni, na kuta zitundikwe magunia mabichi siku za upepo mkavu. Maji yanyunyizwe kama ukungu, si kama mvua. Vichwa vidogo vinavyoanza kuchomoza visimwagiwe maji moja kwa moja, kwani hudumaa na kuoza.

Wapo wanaofunga madirisha yote ili unyevu usipotee. Hao huvuna uyoga wenye mashina marefu na kofia ndogo, kwa sababu hewa chafu inayotolewa na utando imejaa chumbani. Na wapo wanaoacha kofia zikiwa zimelowa usiku kucha. Kofia zao hupata madoa ya manjano na kahawia yanayoteleza, ambayo ni kazi ya bakteria wanaostawi palipo na maji yasiyokauka. Basi baada ya kunyunyiza, madirisha yenye wavu yafunguliwe hata maji yaliyo juu ya kofia yakauke, ilhali sakafu ibaki mbichi. Kofia zikipasuka kingo na kujikunja, hiyo ni alama kwamba hewa imekauka mno.

KUTAMBUA KOSA LIKO WAPI

Sasa yafaa kurudi kwenye shauri la mbegu mbovu. Mifuko iliyoharibika hueleza habari zake, mradi itazamwe kabla ya kutupwa.

Endapo ukungu wa kijani umeanza juu ya punje za mbegu zenyewe, na ikiwa wanachama wote waliopewa mbegu za siku ile wamepatwa na hali hiyo hiyo, lawama yaelekea kwenye mbegu. Hapo chama kina wajibu wa kumtetea mwanachama mbele ya msambazaji.

Endapo punje zilichipua vizuri, utando ukatambaa kutoka juu kisha ukasimama nusu ya mfuko, na chini pana majimaji yenye harufu, basi kosa ni la maji. Endapo mifuko ya juu pipani imestawi na ya chini imeoza, kosa ni la maji ya pipa. Endapo mwanachama mmoja amepoteza na watano waliotumia mbegu ile ile wamevuna, ni vigumu kuilaumu mbegu.

Na endapo utando ni mwembamba kama utando wa buibui, mfuko ni mwepesi mkononi na mabua yanakatika yakikunjwa, kosa ni la ukavu.

Maelezo haya si ya kumkandamiza mwanachama. Mara nyingi yatamwokoa. Mwanachama maskini aliyepewa mbegu mbovu kweli hana sauti kubwa mkutanoni, na bila ushahidi ataambiwa kwamba hakujua kutia maji. Mwenye uwezo wa kusema ndiye atakayesamehewa deni, astahili asistahili. Ushahidi unawalinda wote wawili, na unamlinda katibu pia.

DAFTARI LA MAJI

Kwa hiyo kila chama kinachotoa mbegu kwa mkopo kifungue daftari moja dogo. Halihitaji kuwa la gharama. Safu zake ziwe hizi: tarehe ya kuloweka, jina la mwanachama, aina ya malighafi, uzito ikiwa kavu, saa za kuloweka na saa za kuchuruzika, uzito baada ya kuchuruzika, majibu ya kiganja, idadi ya mifuko, namba ya mbegu iliyo kwenye chupa, na sahihi mbili, ya mwanachama na ya shahidi mmoja.

Shahidi asiwe katibu peke yake. Akiwa mwanachama mwenzake, elimu huenea na fitina hupungua. Baadaye ziongezwe safu za mifuko iliyooza na kilo za kila mchumo. Kwa msimu mmoja au miwili kamati itaona wazi, kwa takwimu zake yenyewe na si kwa uvumi, ni uzito gani wa maji uliowapa wanachama mavuno mazuri kwa malighafi ya kijiji chao. Elimu hiyo itakuwa mali ya chama kama zilivyo mali zake nyingine.

Mkaguzi anapofika na kukuta deni la mbegu lisilolipwa, swali lake la kwanza ni hati. Deni lenye daftari nyuma yake laweza kuamuliwa: lilipwe, lipunguzwe, au lidaiwe kwa msambazaji. Deni lisilo na hati hubaki likining'inia mwaka baada ya mwaka, na mwishowe hulipwa na wanachama wote kutoka katika ziada yao pasipo wao kuulizwa.

MAJI JUU YA MIZANI

Limebaki jambo moja ambalo huwa halisemwi kwa sauti. Maji yanayomharibia mkulima ndani ya mfuko yaweza kumpa fedha isiyo halali juu ya mizani. Uyoga ukinyunyiziwa muda mfupi kabla ya kuchumwa, au ukilowanishwa ndani ya kapu njiani, huongezeka uzito. Mwenye kufanya hivyo hudhani amemzidi akili mnunuzi wa mjini. Kwa kweli amemchukulia mwanachama mwenzake.

Hesabu yake ni nyepesi. Kilo 10 za uyoga wenye maji asilimia 90 zina kilo 1 ya uyoga mkavu kabisa. Zikikaushwa hadi zibaki na maji asilimia 10, chama hupata kama kilo 1.1 za kuuza. Kilo 10 zenye maji asilimia 93 zina gramu 700 tu, na zikikaushwa hivyo hivyo hutoa kama gramu 780. Asilimia 3 za maji zimekula karibu theluthi ya bidhaa. Chama kimelipa bei moja kwa mizigo miwili isiyo sawa, na pengo hilo litazibwa na ziada ya wote, akiwamo yule aliyeleta uyoga wake ukiwa safi.

Kwa uyoga unaouzwa mbichi hasara ni nyingine. Uyoga uliolowa huteleza, huota madoa na kunuka upesi kuliko uyoga uliochumwa mkavu. Mnunuzi akifungua makapu matatu ya aina hiyo hatauliza ni ya nani. Ataandika jina la chama.

Basi uyoga usinyunyiziwe karibu na saa ya kuchumwa. Uchumwe asubuhi, uwekwe ndani ya vikapu vinavyopitisha hewa, na upokelewe juu ya wavu badala ya ndani ya beseni. Mpokeaji aguse kofia kwa mkono mkavu. Uyoga wenye maji juu yake usipimwe hadi ukauke kivulini. Utaratibu huu uwe mmoja kwa wote, kwa mwenyekiti kama kwa mwanachama aliyejiunga jana. Mizani iwe imekaguliwa na kugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo, nayo iwekwe mahali ambapo mwenye mzigo anaisoma mwenyewe.

MAMBO YA KUPELEKWA MKUTANONI

Ndugu makatibu, ili mazungumzo haya yasibaki maneno tu, yapo mambo manne ambayo kila kamati yaweza kuyapeleka mbele ya mkutano wa wanachama na kuyaamua kwa kura.

La kwanza, chama kinunue mizani moja ya kupimia mabua, na orodha ya uzito ibandikwe mahali pa kulowekea.

La pili, daftari la maji lifunguliwe, na mkopo wa mbegu usitolewe kwa asiyekubali kuandikwa.

La tatu, mifuko iliyoharibika isitupwe kabla ya kutazamwa na watu wawili walioteuliwa na mkutano, na maoni yao yaandikwe siku hiyo hiyo. Ikiisha kutazamwa, ipelekwe mbali na vyumba vya uyoga na kufukiwa, ili ukungu na inzi visisambae.

La nne, sheria ya kutopokea uyoga uliolowa iandikwe ukutani pale pale kwenye mizani, na isiwe na msamaha kwa mtu yeyote.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi. Mizani itatumika pia kwa mazao mengine. Daftari ni la bei ya chakula cha siku moja. Kinachohitajika zaidi ni wanachama kukubali kwamba maji, ambayo ni ya bure kisimani, yana thamani yakiisha kuingia katika mfuko au kupanda juu ya mizani, na kwamba kila chenye thamani katika chama huandikwa.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Yaliyomwagwa msimu uliopita yamekwisha kwenda. Msimu ujao, kabla ndoo ya kwanza haijainuliwa, mabua na yapimwe.